Upepo kwenye Betri za Baba

Levolosi,
Arusha.
21 Agosti 2022

Mpendwa kaka Saadi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mnaendeleaje huko Muscat? Joto limepungua, au bado mnajifungia ndani na viyoyozi? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila baridi imetushika. Mama anavaa masweta mawili na bado analalamika.

Habari kubwa ni gari la baba. Unakumbuka ni mimi niliyemshawishi akubali karakana yetu ya Olasiti ing'oe injini ya dizeli kwenye Landrova lake na kulifungia mota na betri. Basi mwezi uliopita, akiwapeleka watalii Nkoaranga, betri zilipata moto mno, gari likajipunguzia nguvu lenyewe hadi likasimama mlimani. Wageni wakamalizia kwa miguu! Baba aliporudi alisema tu, "Zakia, nirudishieni injini yangu." Kaka, nililia.

Tulipofungua boneti tukakuta kipande cha boksi. Baba alikuwa ameziba tundu la kuingizia upepo wa kupoza betri, kama madereva wa huku wanavyoziba rejeta kila Julai ili injini iwahi kupata moto. Ndivyo alivyozoea maisha yake yote, ningemlaumu vipi?

Lakini hata boksi lilipotoka, betri za nyuma ziliendelea kuchemka. Upepo ulipita kwanza kwa za mbele, ukifika nyuma umeshapata joto. Tukafunga feni kubwa zaidi, ikaleta kelele na kula umeme bure. Nilihangaika mpaka nikakonda, na unajua sina cha kupunguza. Mwishowe mimi na Melkizedeki, fundi mwenzangu, tukarudisha feni ya zamani na kuweka bati la kugawa upepo, ili nusu yake ipite pembeni na kufika nyuma ikiwa bado ya baridi.

Jana tukapanda Nkoaranga tena. Baba yuko kwenye usukani. Kule juu nikatazama kipimo: betri za nyuma na za mbele, joto karibu sawa! Nilishusha pumzi utadhani nimelisukuma gari. Wakati wa kushuka aliniachia usukani, na yeye, ambaye hajawahi kufumba macho gari likiendeshwa na mtu mwingine, akasinzia hadi Tengeru.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Kauthar pia. Baba anasema ukija Desemba usithubutu kuchukua teksi pale uwanja wa ndege wa KIA. Atakuja kukupokea mwenyewe, na gari hilohilo.

Mola awahifadhi nyote na atukutanishe kwa heri.

Mdogo wako akupendaye,
Zakia