Mikia ya Nguchiro

Mugumu,
Jumapili, 13 Aprili 2025

Baba yangu Mzee Machage,

Shikamoo baba. Mfikishie na mama shikamoo yangu. Goti linaendeleaje na mvua hizi? Robi ameniambia Jumapili iliyopita ulirudia njiani kwa sababu ya utelezi, hukufika kanisani. Tafadhali usilazimishe. Mimi ni mzima wa mwili. Huku nako inanyesha kila siku mchana, na barabara ya kwenda sokoni imekuwa tope tupu. Mzee Saadi anakusalimu. Bado anakuita mzee wa ahadi, tangu siku ile ya mkutano wa kijiji uliposimama mbele ya watu wa hifadhi ukasema kwamba hakuna mtu wa mji wako atakayetega tena mnyama.

Utashangaa mwanao kukuandikia barua wakati simu ipo mfukoni. Nimekupigia mara tatu mwezi huu. Kila nikitaja jina la mwanao Mseti unasema mtandao unasumbua, unakata. Karatasi haina mtandao. Nakuomba uvae miwani yako, ukae mahali pako, uisome mpaka mwisho, hata ukikasirika. Mimi mwenyewe nimeshachana karatasi mbili. Naandika mistari mitatu nainuka, nafungua mlango, natazama barabara kama vile kuna mtu namngoja, narudi kukaa.

Baba, hujawahi kuniuliza vizuri kazi yangu ni nini. Ukiulizwa na watu husema Winfrida anapaka rangi vifungo huko Mugumu, nao wanacheka. Si uongo. Mzee Saadi anachukua mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, anaichemsha, anaikata vipande vya mviringo na kuisugua mpaka inakuwa laini kama yai. Juu ya kipande kisichozidi kifungo cha koti, mimi nachora. Nachora tembo, korongo, twiga mwenye madoa yote. Nachora kwa kioo cha kukuzia, nimebana pumzi, maana hata mapigo ya moyo yanatikisa mkono. Kwa kazi hiyo, baba, brashi ni kama jembe kwako. Ikiwa mbaya huna msimu.

Mwaka jana mwezi wa Oktoba alikuja mama mmoja mgeni, anayefikia kwenye kambi ya watalii. Alitazama picha zangu muda mrefu, akaagiza kumi na mbili, kila moja mnyama wake, akataka nywele zionekane mojamoja, na sharubu, na mwanga ndani ya jicho. Alisema angerudi Machi kuzichukua, na zikimpendeza atazipeleka kwenye maonyesho kwao pamoja na jina langu. Jina langu, baba. Akaniachia brashi mbili. Moja ilikuwa ya nailoni, nyingine ya nywele za mnyama wa nchi za baridi.

Siku hiyohiyo nilizijaribu. Nilichora chui wawili, mmoja kwa kila brashi. Ile ya nailoni ilikuwa ngumu na yenye hasira za haraka: ukiigusisha inatema rangi yote mara moja, mstari unaanza mnene unaishia mkavu, kwa hiyo kila ndevu moja lazima uchovye mara mbili. Ile ya nywele ilikuwa na tumbo. Ilikunywa rangi, ikatunza, ikaitoa kidogokidogo, na nilipoinua mkono ncha ilirudi mahali pake yenyewe, kali kama sindano. Nilivuta sharubu saba kwa kuchovya mara moja. Nilimwita Mzee Saadi aje aone. Akasema, "Binti, hiyo brashi itakuharibu. Ukiizoea hutataka nyingine." Nikacheka.

Sikukaa nayo hata miezi miwili. Mgeni alikuwa ameniambia nywele zile zinataka rangi za maji tu. Mimi nilikuwa na haraka, nikaichovya kwenye rangi ya plastiki inayokauka upesi, kisha mteja akaingia, nikaiacha mezani. Niliporudi ilikuwa imeganda mpaka kwenye kile kichuma kinachoshika nywele. Niliilowesha kwa mafuta ya taa, nikaisugua kwa sabuni, nikaichana kwa sindano. Ilifunguka kama fagio. Ile ya nailoni nilishaiacha ndani ya rangi hiyohiyo mara nyingi nikaiosha tu ikarudi kazini, ila ncha yake ilikuwa imeanza kujikunja kama ndoano.

Hapo ndipo nilipoacha kutulia. Nilikuwa nimeonja kitu kizuri na sikukubali kukikosa. Mzee Saadi alinishauri nitengeneze mwenyewe, akanionyesha jinsi ya kufunga nywele kwa uzi, kuzibana ndani ya shina la unyoya wa kanga na kuzitia gundi. Akasema nianze na za ndani ya sikio la ndama, au za mbuzi. Nilizijaribu zote mbili. Za ndama zilikuwa na nguvu lakini butu. Za mbuzi zililala kama pamba iliyolowa. Mzee akasema zile za mgeni zilikuwa za mnyama wa ukoo wa kicheche, na kwamba amesikia Wahindi wanatumia nguchiro. Alisema hivyo kama mtu anayepiga soga, huku akisugua mfupa. Hakuniambia nitafute. Naomba ukumbuke hilo ukikutana naye.

Nywele nilizipata. Nilitengeneza brashi yangu, na baba, haikupungukiwa na ile ya mgeni hata kidogo. Nilichora picha sita kwa siku kumi na nne. Kisha ikaanza kumwaga nywele, kwa kuwa gundi yangu ilikuwa dhaifu na sikuwa nimefunga vizuri. Nilitaka nyingine. Mwishoni sikuipata, na zile sita za mwisho nilizimalizia kwa brashi ya nailoni ya dukani, ile ya wanafunzi, nikiikata ncha kwa wembe kila asubuhi. Mgeni alikuja tarehe ishirini na mbili Machi. Alizipanga zote kumi na mbili mezani, akazitazama kwa kioo, akachagua moja kuwa bora kuliko zote. Alichagua simba jike. Simba yule nilimchora kwa nailoni. Nikamuuliza kama haoni tofauti yoyote kati ya hizi na hizi. Akatazama tena, akasema haoni. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya duka mpaka alipoondoka. Mzee Saadi alidhani ni malaria.

Naona nazunguka. Ngoja niseme.

Jumatano iliyopita Robi alikuja Mugumu kumwona mumewe, Mseti, mahabusu. Alimpelekea sabuni na fulana, akaja kwangu kupumzika. Amekonda, baba. Aliniambia mambo ambayo huenda wewe huyajui kwa sababu watu wanakuogopa. Kisimani wanawake wanasubiri aondoke ndipo wateke. Mtoto wake alipewa ndizi na jirani, kisha mama wa jirani akaja akamnyang'anya. Na yote hayo si kwa ajili ya nyama ya porini, maana hapo kwetu ni nani asiyeijua ladha yake. Ni kwa ajili ya mikia. Watu wanasema askari wa wanyamapori walimkuta Mseti na digidigi mmoja kwenye mtego, sawa, huyo ni wa kula, lakini mfukoni alikuwa na mikia mitatu ya nguchiro iliyofungwa kwa uzi, na mtu hali nguchiro. Kwa hiyo ni mchawi. Au ametumwa na mchawi. Mseti mwenyewe ameandika kwenye maelezo kwamba alikuwa anatafuta mboga, na kuhusu mikia hakusema neno, si huko wala kwa mkewe.

Robi aliniangalia akaniuliza, "Wifi, wewe ndiye uliyekuwa unaongea naye kila siku. Mikia ilikuwa ya nini?"

Nikamjibu sijui. Nilimjibu huku nimeshika kikombe chake cha chai. Akanywa, akashukuru, akaondoka na gari la saa nane. Tangu hapo sijapata usingizi wa maana wala sijashika kazi.

Baba, mikia ilikuwa yangu.

Krismasi nilipokuwa nyumbani mbwa waliua nguchiro kwenye banda la kuku la mama. Mseti alikuwa anakwenda kumfukia. Nilimfuata nyuma ya jiko nikamwomba mkia. Alicheka sana, akauliza kama huku Mugumu tunakula mikia. Nilipomweleza, alikaa chini akanisikiliza mpaka mwisho, akataka kujua kila kitu, brashi inashikwaje, jicho la tembo linachorwaje. Hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza hivyo. Ile brashi nzuri ilitoka hapo, na mkia wa nguchiro yule haukuwa kosa kwa mtu, alishakufa.

Lakini ilipoanza kumwaga nywele nilimpigia simu. Nilimwambia nahitaji nyingine, mitatu au minne, kabla ya Machi. Akasema mbwa hawaui nguchiro kwa kuagizwa. Nikamwambia, wewe si mwanaume wa hapo kwetu Machochwe? Huwezi kukosa nguchiro. Akasema kule karibu na nyumba wameisha, wako upande wa pili wa mpaka wa hifadhi, kwenye lile korongo. Baba, nilijua upande wa pili wa mpaka maana yake nini. Nilikuwepo kwenye mkutano ule ulipotoa ahadi yako, nilikupigia makofi. Nikamwambia, fanya haraka basi. Ni maneno yangu mwenyewe, nayasikia hata sasa.

Siku aliyokamatwa, tarehe tisa Februari, alinipigia. Nilisikia sauti za watu wengine na redio ya mawasiliano. Alisema tu, "Usiseme kitu. Wewe malizia picha zako." Simu ikakatika. Na mimi nikazima yangu nikaiweka kwenye droo, nikamalizia picha zangu.

Kisha ukatuita nyumbani. Utakumbuka nilikaa karibu na mlango nikimsaidia mama kuchambua maharage. Ulisimama na fimbo yako, ukauliza mara mbili nani kati yetu anajua habari ya mikia ile. Mara ya pili ulinitazama mimi. Nikainama nikaendelea kuokota mawe kwenye maharage. Ukasema kuanzia siku hiyo jina la Mseti lisitajwe kwenye mji wako, na kwamba hutakanyaga mahakamani kwa ajili ya mtu aliyekuaibisha kwa watu wa hifadhi na kwa Mungu. Mama alilia. Mimi nilikula chakula chako nikapanda bodaboda nikarudi kazini.

Najua unajiuliza kwa nini nasema leo. Nilikuwa najiambia kwamba picha zikikubaliwa itakuwa imefaa kwa kitu fulani. Zimekubaliwa. Mgeni ameondoka nazo, na jina langu limeandikwa nyuma ya kila mfupa. Hakuna nilichokipata ambacho brashi ya dukani isingenipa. Mseti yuko ndani kwa ajili ya tofauti ambayo naijua mimi peke yangu, kwenye vidole vyangu.

Alhamisi nilimweleza Mzee Saadi. Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake isipokuwa Ijumaa, akanipeleka kwa msaidizi wa kisheria mmoja hapa mjini. Yule bwana hakunificha. Alisema maelezo yangu yanaweza kuondoa habari ya uchawi, na yanaweza kumsaidia Mseti hakimu akijua alitumwa, lakini hayafuti mtego wala digidigi, na mimi ninayeyatoa ninaweza kushtakiwa pamoja naye. Aliniambia nikalale nifikirie. Sikulala.

Juzi Ijumaa saa mbili asubuhi nilikwenda kituoni. Nilibeba ile brashi ya Krismasi, na shina la unyoya, na uzi, na picha moja ya majaribio ili waelewe. Askari aliyeandika alikuwa mama wa makamo. Aliichukua brashi akaipitisha kwenye kiganja chake, akaniuliza, "Yote haya kwa ajili ya hiki?" Nikasema ndiyo. Akaandika. Wameibakiza kama kielelezo. Nimeachiwa kwa dhamana ya Mzee Saadi, na kesho Jumatatu narudi kituoni. Sijui kama kesho jioni nitakuwa hapa ninapoandikia. Mseti bado hajui nimesema. Atakasirika.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, Jumapili ijayo goti likiruhusu, simama kanisani useme mikia ilikuwa ya nini na aliyeitaka ni nani. Nitaje kwa jina. Ukisema wewe wataacha kumkimbia Robi kisimani. La pili, kesi inatajwa Alhamisi tarehe kumi na saba, saa tatu. Ukija Mugumu, usianzie kwangu, hata ukisikia nimo ndani. Anzia kwa Mseti. Mimi ulinitazama nikainama; yeye hujamtazama tangu Februari.

Barua hii anakuletea Robi. Yaliyomo nimeshamwambia, jana kwa simu. Akasema atakuja mwenyewe kuichukua, na hapo ndipo nilipolia.

Msalimie mama, umwambie asifunge safari ya kuja kwangu kabla wewe hujafika kwa Mseti. Wasalimie na watoto. Mungu akuponye goti.

Ni mimi binti yako,
Winfrida Machage