Msumeno wa Kukatia Mbao za Babu

Same,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kilichokuja na ukungu kimekuachia. Goti la Bibi linaendeleaje? Maharage ya bondeni yameshachanua? Sisi huku tu wazima, ila upepo hautuachi. Asubuhi nafagia uwanja, mchana vumbi lote limerudi. Masomo yanakwenda vizuri, na kwenye fizikia nimekuwa wa pili darasani.

Baba, sikupiga simu kwa sababu ingekatika katikati, nawe ungebaki na nusu ya habari. Habari yenyewe ni ya msumeno. Nakumbuka ulivyosema nilipokuja likizo, kwamba ufundi wa mbao si kazi ya kunipa mimi, kwa kuwa msumeno wa umeme uligonga msumari ukamkata Baba Mdogo ncha ya kidole. Sikubishana nawe siku ile, wala leo sibishani. Naomba tu usome mpaka mwisho.

Mbao za nyumba ya zamani ya Babu, ulizotutumia tukutengenezee milango, zilifika salama. Baba Mdogo alizinusa moja moja, akasema miti ya namna hii siku hizi haikatwi, kwa hiyo tukiharibu milango yako hatutapata mbao nyingine za kufidia. Kazi ya kung'oa misumari alinipa mimi, kila nitokapo shule. Nilijaza kopo zima la rangi. Nilipomwambia nimemaliza, alipitisha kiganja juu ya mbao akakubali kuwa ni safi.

Jana tulikwenda dukani kuchagua msumeno, tukabeba kipande cha mbao hizo cha kujaribia. Baba Mdogo alikuwa ameshaamua kuchukua ule wenye duara la meno, kwa kuwa una kasi na unanyoosha vizuri. Muuzaji naye aliusifu kama mshenga anavyomsifu bwana harusi. Alisema hata ukikutana na msumari unapita tu. Nikamwuliza, na ukinasa, unaruka kuelekea upande gani?

"Mwanafunzi," akasema, "umekuja kununua au kunitungia mtihani?"

"Atakayesimama nyuma yake ni baba yangu mdogo," nikamjibu. "Ndiyo maana nauliza."

Wateja walicheka, lakini Baba Mdogo hakucheka. Mfukoni nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ambayo huitumia kuokota misumari inayodondoka uwanjani. Niliipitisha juu ya kile kipande, bila kutegemea kitu. Ikanasa katikati kabisa, mahali ambapo macho hayaoni chochote. Baba Mdogo alikwangua kwa kisu. Chini ya nta iliyochanganywa na unga wa mbao kulikuwa na kichwa cha msumari. Nikaisogeza sumaku, ikanasa tena. Tukapata mitatu kwenye kipande kisichozidi urefu wa mkono.

Hapo ndipo alipokumbuka. Babu alikuwa akizamisha misumari yake ndani ya ubao na kuziba matundu kwa nta ya nyuki, akisema msumari unaonyeshewa mvua huozesha ubao wote.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nikimyeyushia hiyo nta," Baba Mdogo akasema. "Nilikuwa nimesahau kabisa." Akatazama ule msumeno wa duara, akaurudisha mezani kwa mikono miwili.

Akaomba ule mwembamba, unaokwenda mbele na nyuma kama wa mkono, wenye meno ya kukata mbao na misumari pamoja. Muuzaji alisema huo ni wa wabomoaji, si wa seremala.

"Basi umenipata," akajibu Baba Mdogo. "Mimi nabomoa kazi ya baba yangu."

Kipande kikabanwa vizuri, akakata. Ulipofika kwenye msumari sauti ilibadilika, ukaguna, ukatoa cheche kidogo, ukaendelea. Haukuruka, Baba. Unakata polepole, haunyooshi sana, na unatetemesha mkono mpaka kiwikoni, lakini haukuruka.

Leo sumaku imepita kwenye kila ubao, nami nimezungushia chaki kila iliponasa. Sehemu zenye chaki zitakatwa kwa msumeno mpya. Zilizo safi zitapimwa tena kabla ya kupelekwa kwenye mashine ya kupasulia. Mbao zitatosha milango minne. Kwa wa tano hazitoshi, na ni heri ujue sasa.

Lipo jambo jingine sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Jana jioni nilikata ubao mmoja mimi mwenyewe. Nilivaa miwani, ubao ulibanwa, na Baba Mdogo alisimama pembeni yangu. Aliniambia, "Usiusukume. Uache ujilie wenyewe." Mikono yangu ilitulia. Kile kipande kilipoanguka, Baba, nilifurahi kiasi cha kushindwa kula chakula cha jioni, na Mama Mdogo akadhani naumwa.

Nisalimie Mama, mwambie sweta alilonifumia bado linanitosha. Msalimie Bibi kwa heshima zote, na Kaka mkubwa na mkewe, na mdogo wangu anayeanza darasa la kwanza. Baba Mdogo anasema utamwita mjinga kwa habari ya nta, nami nikueleze kuwa amekubali.

Ndani ya barua hii nimekunja fomu ya chuo cha ufundi, fani ya useremala. Nimeijaza yote kwa kalamu ya wino. Baba Mdogo alikuwa tayari kusaini kama mlezi, nikamkatalia. Mahali pa sahihi ya mzazi nimepaacha wazi, na hata ukiirudisha hivyo hivyo ilivyo, nitaipokea kwa adabu.

Mimi binti yako akupendaye,
Nakijwa