Mchezaji Wangu Anataka Nimwombee Aumie

Mpendwa mshauri, nisaidie kuelewa, maana jambo hili haliniingii akilini kila nikiligeuza. Mimi ni mlezi wa kiroho wa timu ya wasichana ya mpira wa wavu hapa chuoni, kabla ya mechi tunashikana mikono kwenye chumba cha kubadilishia nguo, tunaomba, wanaingia uwanjani, sasa juzi mshambuliaji wetu, tunamwita Mnara kwa urefu wake, akabaki nyuma amekalia begi lake akaniambia, “Mama, leo usiniombee ushindi. Niombee niteguke mguu, kidogo tu.” Nikacheka, kumbe machozi yanamtoka, basi nikamkemea shetani kwa sauti mpaka kocha akagonga mlango, Mnara akajifuta uso akacheza, tukashinda, na tangu hapo ananiamkia vizuri lakini hanitazami. Mpira ndio unaomlipia masomo, na mama yake anamsifia mtaa mzima. Jamani, msichana mwenye afya yake atamanije kuumia? Nizidishe maombi, au nimwambie kocha?

Mlezi Aliyechanganyikiwa

Mlezi, pole, ila leo nakusema. Mtoto kakuletea ombi la ajabu namna hiyo, na hukumuuliza hata “kwa nini?” Unakuja kuniuliza mimi nisiyemjua hata sura! Jibu analo yeye, nawe ulimfukuza pamoja na huyo shetani wako.

Hata mimi nina hamu ya kujua. Kwa nini mguu? Nahisi ni kwa sababu mguu ukiteguka, kocha ataleta barafu, mama atampa pole, na hakuna wa kumlaumu. Akisema amechoka, nani atampa pole? Labda ni masomo, labda kocha, labda kuna mengine. Hatujui, na hapo ndipo ninapoogopa, maana anayetamani kuumia anaweza kujiumiza mwenyewe.

Mtafute leo hii. Mwombe radhi kwanza, kisha muulize, halafu unyamaze, hata akichelewa kujibu. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo. Kama sivyo, nendeni pamoja kwa kocha mkaombe apewe mapumziko, na habari ya ada mkaulizie ofisini badala ya kukaa na hofu. Usimseme kwa kocha kisirisiri, hatakuamini tena.

Na maombi? Omba, mama, sikukatazi. Ila msikilize kwanza, ili safari hii ujue unamwombea nini.