Bahati, Mashini Yako Niliwapa

Bahati, mudogo yangu,

Ninajua barua haina njia ya kufika kule uko. Padiri anatuambia kwa marehemu tunatuma sala, na sala ninatuma. Kila asubuhi mbele ya kuwasha moto ninasema rozari, na jina yako iko ndani. Lakini iko maneno ingine mutu hawezi kupitisha mu rozari, na hii ya mashini yako njo ya vile. Kwa hiyo nimekaa hapa ku meza na biki, na weye utasikiliza tu, juu hauwezi tena kumukatiza dada yako mukubwa na kusema: "Yaya, fupisha."

Nianze na hii: Furaha, muke wako, yuko muzima. Neema, mutoto wenu, yuko muzima. Wako kule Mahagi, kwa mama ya Furaha. Nimeitanguliza ili roho yako itulie wakati unasikia ingine, juu ile ingine si ya kufurahisha.

Nyumba yenu imefungwa. Kitanda tulitoa inje, na godoro ilikuwa bado na shimo ya mwili yako. Niliipiga na mukono ili inyanyuke, ikakataa. Nikaacha. Kaburi yako iko safi, mvua ilivuta udongo ya upande moja lakini niliirudisha. Bunia iko vile uliiacha: vumbi, pikipiki, na habari mbaya za vita za kule Djugu kila mutu anazibeba kichwani hata akiwa anauza nyanya. Hakuna kipya, ila ni weye tu unakosa.

Unakumbuka vile ulirudia kutoka Nizi? Ulikwenda kule kuchimba dhahabu ukiwa na mabega kama mulango, ukarudi na tumbo kubwa na macho ya manjano. Munganga alisema ni ini, alisema imekwisha kuharibika, na alikuwa anaangalia chini wakati anasema. Tangu pale miguu ilianza kukataa, na kazi yako ikabakia ile mashini, kompyuta ya kukunja, uliyonunua kwa mwenzako wa kule kuchimba, na ule muchezo moja ndani yake.

Sitasahau siku ya kwanza uliponionyesha. Mutu mwenye ndevu anatembea peke yake mu pori ya baridi, mu inchi ambayo haiko. Nilikuuliza yule ni nani, ukasema: "Ni mimi, yaya." Ukaniambia wengine wanacheza muchezo ile na upanga, wanakata vichwa, lakini weye ulichagua chungu. "Upanga ni kazi ya kila mujinga." Yule mutu wako alikuwa anainama anachuma maua, anachuma uyoga, anachimba mizizi, anakamata hata vipepeo anawakata mabawa. Kisha anarudi mu nyumba yake ya mawe, pale iko meza yenye chungu na chupa, na anachanganya. Vitu viwili vyenye kupatana vinatoa chupa ya dawa. Visipopatana, moshi tu, na kila kitu kimepotea.

Na ili ajue nguvu ya jani, alikuwa anaikula kwanza. Anakula hivi tu, bila kujua! Na ile mustari nyekundu ya uzima wake inashuka. Mara ya kwanza niliona vile nikapiga alama ya musalaba, na weye ukacheka mpaka tumbo ikakuuma. "Yaya, unabariki katuni?"

Wakati vidole vyako vilivimba, njo siye tukawa vidole vyako. Furaha alikuwa anasoma maneno ya kifaransa, juu yeye alimaliza masomo kutupita, na mi nilikuwa ninafinya pale ulinionyesha. Nilikataa kupika sumu. Nilisema mi ni mama wa shirika ya kanisa, nitapika tu dawa ya kurudisha uzima. Ukasema sawa, ukatugawanya: "Yaya ni wa dawa, Furaha ni wa sumu, kila mutu na serivisi yake." Na tulicheka siye watatu, na Neema akacheka juu siye tulicheka.

Bahati, nilipika dawa nyingi mule ndani. Begi ya mutu wako ilijaa chupa nyekundu. Kila mara alikunywa ile mustari ilipanda mpaka mwisho, na mi nilikuwa ninageuza macho ninakuangalia weye ku kitanda, unapumua kwa shida. Sikukuambia vile nilikuwa ninafikiri. Ulijua tu.

Sasa sikia. Mu muchezo lilikuwako lile jitu lenye kulinda daraja. Mulijaribu sana kumupita, weye na Furaha, na ulisema haanguki na upanga, anaanguka na sumu ya polepole, yenye kupakwa ku ncha ya mushale. Siku ile Furaha alikuwa anaipika, na weye uliinua kichwa unapiga kelele: "Ongeza! Ongeza, haijakuwa na nguvu!" Na Baba mukubwa alikuwa amesimama ku mulango na kofia mukononi. Alikuya kukusalimia. Aliona chupa yenye fuvu ku mashini. Aliona bibi yako anafinya, anafinya. Tulimupa kiti, tulimupa chai. Chai hakuigusa. Alisema ameharakisha.

Hatukuiweka mu roho. Jitu lilianguka siku ile, na ulifurahi kama mutoto.

Kisha ulikufa. Ilikuwa asubuhi, Furaha alikuwa amekushika kichwa, anakupa maji kwa kijiko, na maji ikarudi. Yeye njo alikufunga macho. Yeye njo alikuosha, na hakutaka mutu amusaidie, ila mimi. Ulikuwa mwepesi pahali pote isipokuwa tumbo.

Na tumbo njo watu waliangalia. Weye unajua kwetu hapa. Mutu mwenye kuvimba tumbo hawamusemi alikufa na ugonjwa, wanauliza ni nani alimupa kunywa. Karatasi ya hospitali niliwaonyesha. Waliishika, waliigeuza, walinirudishia.

Wakati wa kilio Furaha alikaa ku mukeka na kitambaa ku kichwa. Kila mara alileta jagi ya maji ao ya chai, alijimiminia mbele ya macho ya watu, akakunywa kwanza, mpaka chini, vile tunafanya hapa ili mugeni asiogope. Alikunywa, akapanguza kikombe, akaipitisha. Na jagi ilirudi ingali imejaa. Chakula ya majirani walikula. Yake hapana. Nilimuona anakunywa chai yake peke yake, kikombe kisha kikombe, kwa watu ambao walikuwa wanaangalia pembeni. Sijaona kitu cha kuumiza kama ile, na nimeona vita.

Siku ya kuondoa kilio ukoo ulikaa. Baba mukubwa akasimama. "Mi sikuambiwa na mutu. Mi niliona na macho yangu. Bibi huyu alikuwa anajifunza mu mashini, na bwana wake alikuwa ku kitanda mbele yake." Akasema Furaha arudi kwao. Na Neema abaki kwa ukoo ya baba yake.

Furaha hakulia. Alimuvuta Neema mu mapaja, akamushika na mikono miwili, akaniangalia.

Nikasimama. Nilisema, wazee, kama ni mashini tuiangalie. Nikaenda kuileta, nikaiweka ku kiti katikati ya uwanja, nikaifungua. Niliona nikiwaonyesha wataelewa ni picha tu, ni muchezo, sawa karata. Wote wakasogea. Na mutu wako akatokea, na ndevu zake, amesimama mbele ya chungu.

Shangazi yetu akauliza: "Huyu muzungu njo Bahati?"

"Njo yeye, shangazi."

"Ai! Maskini. Alikonda."

Watu wakacheka, mudogo yangu. Mu kilio yako, uwanja nzima ikacheka, hata Furaha alificha mudomo. Nikafikiri Mungu ametusaidia. Nikawaonyesha dawa: ua hii, uyoga hii, chupa imetoka. Nikasema, munaona, haina harufu, haina kitu. Kisha nikafikiri ni lazima waone na ile ingine, ili woga itoke. Nikapika sumu. Mi, yenye nilikuwa ninaikataa. Na Bahati, vile nilikuwa nimewaangalia weye na Furaha, mukono yangu haikutafuta. Ilienda sawasawa ku muzizi, ikaenda ku bawa, ikafinya, na chupa yenye fuvu ikatokea palepale.

Hakuna mutu alicheka.

Baba mukubwa alisema polepole, karibu kwa huruma: "Munaona sasa? Hata huyu, mama wa kanisa. Wamekwisha kumufundisha."

Mama mwenye alikuwa karibu yangu akavuta kitenge chake kisiniguse. Akavuta kidogo tu. Ni mutu tumeimba naye mu kwaya. Nilitaka kumupa shangazi maji, juu jua lilikuwa kali, akaniambia hana kiu, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Pale nilielewa Furaha alikuwa anasikia nini siku zote zile.

Wakaanza kusema wote pamoja. Wamoja: mashini ichomwe. Wengine: bibi aende leo. Na Baba mukubwa alikuwa anarudilia tu, mutoto anabaki, mutoto ni wa ukoo. Alikuwa anasema vile na macho yake hayatoki ku mashini. Njo nikaona anaiogopa. Anaiogopa kupita vile anataka mutoto.

Nikamuambia: "Baba mukubwa, mashini nitakupa. Nitaiweka mi mwenyewe ku moto. Lakini Neema anaenda na mama yake, na munaniapia hapa mbele ya wote hakuna mutu atamufuata."

Alikubali mbio. Hata hakuuliza wengine. Ile mbio yake iliniuma, juu mutoto yako alikuwa na bei ndogo vile kwake.

Najua ungesema nini. Ungesema kwa kuwapa mashini nimekubali mbele yao kama iko na kosa, na kama mashini iko na kosa, Furaha yuko nayo. Nimeigeuza mu kichwa sana. Nilimuelezea padiri vile ilienda. Akaniuliza: "Mama, mutoto yuko na mama yake?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Basi lala."

Lakini kuna kitu sikumuambia padiri, nakuambia weye. Mbele ya kuichoma niliomba wanipe nafasi niiombee mu nyumba, na waliniachia, walifikiri ninafukuza pepo. Nikafunga mulango, nikakaa pale ulikuwa unalala. Niliifungua. Yule mutu wako alikuwa amesimama ku meza yake. Sikufinya kitu. Na mi sikuwa nimeangalia vizuri siku zote, juu kila mara tulikuwa na haraka ya kupika: usipomugusa, anapumua. Mabega yanapanda, yanashuka. Polepole, bila shida yoyote, sawa mutu muzima. Begi yake ilikuwa bado imejaa zile chupa nyekundu nilipika.

Nilimuangalia anapumua. Nilisema Baba Yetu mpaka mwisho. Kisha nikaifunga. Mara ya kwanza Furaha alikufunga macho. Hii ya pili ilikuwa yangu.

Moto walikuwa wamekwisha kuikokeza nyuma ya choo. Nikaiweka. Ilitoa moshi nyeusi na harufu ya kukata koo, na kisha betri ikapasuka, pwaa! Baba mukubwa alikimbia mpaka ku barabara, kofia ikabaki. Ungekuwa hapo ungeanguka chini na kicheko. Lakini wao hawakucheka. Walisema: "Pepo limetoka." Sasa mu kartiye, mutaa yetu nzima, njo wanahadisia vile, sumu ililia mu moto na watu wote walisikia. Siwezi kuitengeneza ile. Nilijaribu, na kila mara nikieleza nikaona wanaangalia mikono yangu.

Furaha alienda asubuhi yenye kufuata. Pikipiki moja, begi moja, Neema katikati. Alinikumbatia akasema: "Yaya, kaburi yake nimekuachia. Mi sitarudi hapa tena." Nilitaka kumuambia atarudi. Sikumudanganya.

Mu shirika yetu niko bado ninaenda, ninakaa, ninaimba. Zamani mimi njo nilikuwa ninapika chai kisha ya sala. Siku hizi nikifika ninakuta mwingine amekwisha kuipika, na wananiambia: "Mama, weye pumuzika." Wananiambia kwa upole sana. Ninapumuzika. Ninawaombea, na siku ingine ninaomba na meno imekazwa, Mungu anisamehe.

Juzi Furaha alinipigia simu. Neema ameanza masomo ya wadogo. Anauliza baba yake alienda wapi, na Furaha anamuambia mbinguni. Hajauliza bado ingine. Lakini atakua, Bahati, na Mahagi si mbali, na maneno yanapanda gari sawa watu. Iko siku mutoto mwenzake atamutupia mu uso kama mama yake alifanya nini. Ile siku njo ninaiogopa, na kwa ile siku ninakuahidi.

Sitaingojea. Njia ikitulia nitapanda nitaenda, nitamukalisha mbele yangu akiwa bado mudogo, na nitamuambia mbele wengine hawajamuambia. Baba yako aligonjwa na ini. Mama yako alimushika kichwa. Mama yako alimuosha. Mi nilikuwa pale. Nitamuambia tena mwaka yenye kufuata, na yenye kufuata, mpaka aijue sawa jina yake, na kama Baba mukubwa amekaa pale nitaisema na sauti kubwa zaidi.

Lala sasa, mudogo yangu. Bwana akupe mwili yenye haiumi.

Yaya wako,
Anastazia