Kufungasha Nguo za Baridi Kwenye Joto la Ujiji

Jumamosi, jioni. Mawingu yamejazana upande wa Kongo tangu asubuhi, lakini mvua haishuki. Hakuna upepo. Nimeoga mara mbili na bado mwili unanata.

Na siku nzima nimeshinda nikitafuta koti.

Nimechoka. Naandika hivyo mwanzoni kabisa, maana watu wote leo nimewaambia niko salama tu.

Jumanne naondoka kwenda Brussels kumfuata kaka yangu, Ramadhani. Alipata kiharusi mwezi wa tano, akiwa peke yake chumbani kwake, mpaka jirani alipomkuta. Mkono wa kulia haujarudi sawasawa na mguu anauburuta. Ukoo ulikaa hapa kwa Mama, ukachanga nauli, ukaniteua mimi. Walisema nina duka la dawa, kwa hiyo najua magonjwa. Ninachojua ni kuuza dawa za kichwa na kusoma miandiko mibaya ya madaktari.

Kazi niliyopewa ni moja: nirudi naye. Ila yeye mwenyewe hajasema kama anarudi.

Kila nikimuuliza, ananijibu hali ya hewa.

“Unakuja wakati wa vuli,” aliniambia kwenye ujumbe wa sauti wiki iliyopita. Ulimi wake bado mzito, maneno yanatoka yakijikokota. Nikamwambia vuli kwetu tunaisikia redioni tu, ni mvua za watu wa mikoa mingine. Akacheka, akaniambia vuli ya huko ni majani kukauka mtini na kudondoka barabarani, yakilowa yanateleza kama maganda ya ndizi. Asubuhi jua linakudanganya, mchana rasharasha, jioni upepo. Saa kumi na moja na nusu giza limeshaingia. Nivae nguo nyepesi tatu badala ya moja nzito, ili nikiingia ndani kwenye joto nivue. Mwamvuli niache, upepo utaupindua. Viatu viwe vya kuzuia maji. Shingo niifunike kuliko kitu chochote.

Anajua kila kitu kuhusu shingo yangu. Kuhusu mguu wake hasemi neno.

Na mimi, nikiri, nimeacha kuuliza. Siku hizi naanza mwenyewe: kaka, leo kukoje huko? Tunaongea mawingu mpaka salio linakwisha. Ni rahisi kuliko kumsikia akisema hapana, halafu mimi ndiye nimfikishie Mama.

Basi asubuhi nikaenda soko la Mwanga, kwenye mitumba. Makoti mazito yapo, ila yamewekwa nyuma kabisa, na wanunuzi wake ni walinzi wa usiku na waendesha bodaboda. Nilipovaa la kwanza jasho likanitiririka mpaka kwenye nyusi. Akina mama wa nyanya waliokuwa jirani wakaacha kuuza, wakanitazama.

“Shemeji anaendesha bodaboda?” muuzaji akaniuliza.

“La kwangu mwenyewe.”

“Kwa joto hili, dada? Unaumwa?”

Nikamweleza ninakokwenda na kwa nini. Akaacha kucheka. Akainama kwenye robota ambalo hata hakuwa amelimaliza kulifungua, akachimbua koti refu la kijivu, zito, lenye kitambaa laini ndani na vifungo vyote. “Hili limetoka kwenye baridi hukohuko,” akasema. “Likutunze.” Nikanunua na masweta mawili, na soksi za sufu. Viatu vya kike vya kuzuia maji sikupata. Nimechukua buti za kiume, nitazijaza soksi.

Nilipofika nyumbani begi lilikuwa limeshajaa.

Mama alikuwa amelijaza dagaa, mifuko kwa mifuko, na kidumu cha mawese amekizungushia kanga zangu zote. Nikasimama mlangoni na lile koti mkononi.

“Mama, nguo zitaingia wapi?”

“Nguo utazikuta huko. Dagaa wa Kigoma utawakuta?”

Nikamjibu kwa sauti ambayo mtu hamjibu nayo mama yake. Nikasema nakwenda kumleta mgonjwa, siendi kufungua genge. Mama akaanza kutoa mifuko mmoja mmoja, polepole, akiipanga kwenye mkeka, na kila mfuko alioutoa ulinichoma zaidi. Nikaenda kukaa kizingitini. Sikuwa na nguvu hata ya kuomba radhi.

Hapo ndipo Ramadhani alipopiga, kwa video. Alitaka kuniambia kuwa kuanzia Jumatano wanatabiri mvua.

Mama kwa kawaida akipewa simu husalimia, humwombea dua, hurudisha. Leo aliinyanyua kutoka mkononi mwangu kabla sijamaliza kuitika.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, baba. Mimi sitaki habari za mvua ya huko. Mwenzio kachoka, na mimi nimechoka. Nambie neno moja. Unakuja, huji?”

Nilifumba macho. Nilitamani mtandao ukatike.

Nikasikia pumzi za Ramadhani, na nyuma yake gari likipita kwenye maji.

“Mama, nitashukaje kwenye ndege na mguu huu, watu wote wakinitazama?”

“Watakutazama. Mimi pia nitakutazama. Si ndicho ninachokitaka?”

Nilipofumbua macho nikaona kaka kwenye kioo cha simu amegeuza uso pembeni, anajifuta kwa ule mkono mzima.

“Huko kuna joto sasa?” akauliza.

“Joto la kukausha samaki ndani ya nyumba.”

“Mwambie aniletee shati jepesi. Nguo zangu zote ni za baridi.”

Mama akanirudishia simu. Hakulia. Alikaa tu kwenye mkeka katikati ya mifuko yake ya dagaa, mikono mapajani, kama mtu aliyetua mzigo asijue aende wapi. Nikakaa kando yake, nikamwomba radhi, akanipiga kofi dogo gotini. Tukarudisha mifuko miwili begini. Koti nitasafiri nimelivaa au nimelibeba begani, potelea mbali.

Baadaye akaniuliza shati la saizi gani.

Ramadhani aliondoka hapa akiwa mwembamba, kijana. Miaka yote hii nimeuona uso wake tu kwenye kioo cha simu. Sijui mabega yake yamekuwaje. Sijui ugonjwa umekula kiasi gani.

Kesho nitanunua mawili, dogo na kubwa. Moja litamtosha.