Nilikutoa Kazini Ukiwa Chumbani

Mpendwa mami,

Hivyo ndio nimekuita tangu uzaliwe, juu wewe ndio nilipatia jina ya mama yangu. Sai nikiita "mami" kwa hii nyumba hakuna mtu anaitika, ni kuku tu zinageuza shingo. Nakuandikia juu simu yangu hushiki, na hata ungeshika unajua mdomo yangu, ningeanza na habari ya majirani nisahau yenye ilinifanya nipige. Kwa karatasi angalau nitafika mwisho. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo usome tu venye imekaa.

Unakumbuka ukirudi huku Kiganjo ya Thika, ofisi yenu ya Ruiru ikiwa imefungwa? Ukaniambia umepata kazi ingine, ya kusikiliza watu wakiongea kwa kompyuta na kuandika kila neno wanasema, na ni ya kufanyia nyumbani. Nilifurahi sana. Lakini mami, nikuambie ukweli, nilifurahi juu nimepata mtu wa kuniangalilia maziwa. Mimi nikiona mtu amekaa kitandani na waya kwa masikio, sioni kazi, naona mtu ako tu, hana shughuli. Nilikuwa nafungua mlango nakuuliza kisu iko wapi. Nakutuma unga. Nakutuma uanue nguo za Mama Shiku wa hapa mlango ya pili, juu nilikuwa nimemwambia asijali na mvua, msichana wangu hushinda tu nyumbani. Wewe unatoa waya ya sikio moja, unajibu, unarudisha. Sauti yako haikupanda hata siku moja.

Halafu ile wiki ya viatu. Jumatatu nikakuona umevaa sketi ya ofisi, viatu na mkoba, ukaniaga vizuri ukasema unaenda kazi. Ukatoka kwa geti, ukazunguka hapo kwa bucha, ukaingia na mlango ya nyuma, ukajifungia chumbani. Ulifanya hivyo siku tano. Ulikuwa unanifundisha kwamba ukiwa chumbani uko kazini, na mimi nikaona sinema. Hiyo stori niliibeba mpaka kwa kibanda ya mboga, nikawaonyesha venye ulikuwa unatembea, watu wakashika mbavu. Mama Shiku ndiye alikupatia jina, karani wa kitanda. Jina ilitoka kwa mdomo yake lakini stori ilitoka kwa yangu. Ukienda kununua nyanya, wanakuuliza, "Karani, leo umefunga ofisi mapema?" Hukuwahi kuniambia. Niliambiwa na hao wenyewe, na bado nikacheka. Jumatatu iliyofuata hukuvaa viatu.

Sasa nifike kwa hiyo Alhamisi. Ilikuwa zamu yangu ya kupokea kikundi cha akina mama. Ulikuwa umeniambia mara tatu kwamba hiyo siku saa nne uko na mtihani ya hao watu wa kazi, ukipita wanakuandika kabisa, na ikishaanza haisimami. Ukaniomba nipeleke kikundi kwa Mama Shiku. Nilikubali na mdomo. Lakini nilikuwa nimeshaazima viti, mami, na nilitaka waone kochi mpya. Nikasema utajifungia huko ndani, hatutakusumbua.

Walikuja kumi na wawili. Tuliomba, tukaimba pole pole, hapo nilijaribu. Halafu Mama Shiku akaangalia mlango yako akauliza kama karani siku hizi hasalimii watu. Unajua kwetu. Wageni wakiwa sebuleni na mtoto amejificha chumbani, si mtoto anaongelewa wakitoka, ni mama yake. Nikasikia uso inawaka. Nikafungua mlango bila kubisha. Uliinua mkono hivi, ya kuniambia ningoje, macho hukutoa kwa kioo ya kompyuta. Na mimi nikaongea kwa sauti ndio hao wasikie.

"Toka usalimie watu. Hiyo mashine haina miguu, haitaenda mahali."

Ulitoka. Ukawapa mkono wote, mmoja mmoja, na hao unawajua, kila mtu anashikilia mkono mpaka amalize kuuliza utaolewa lini. Mmoja akataka umwongezee chai, ukamwongezea. Ukarudi chumbani ukakaa kidogo tu, ukatoka ukasimama hapo mlangoni, ukaniambia kama mtu anaongea na mgonjwa, "Mama, imejifunga."

Nikakuambia si uifungue. Wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Wiki haikuisha kabla hao watu wakuandikie kwamba hawakuhitaji tena. Siku ya kukunja nguo nilikungojea unitukane, ningejua pa kuanzia. Ulisema tu, "Hujanifukuza, Mama. Ni vile hapa siwezi fanya kazi." Ukaenda Mwihoko.

Watu wakiniuliza uko wapi, nasema uko sawa, tunaongea kila siku. Mimi mwenye sijawahi kuweka siri ya mtu, nimejifunza kuweka yangu. Kwa kibanda bado nachekesha watu. Nikifika kwa nyumba naongea na sufuria. Chumba yako sijaweka mtu. Napita hapo kwa mlango nikitembea na vidole vya miguu, kama mjinga, na hakuna mtu ndani wa kusumbua.

Mwezi jana nilikuja kwako. Hukujua. Nilikuwa nimetoka shamba Gatuanyaga na njugu, nikaulizia ploti mpaka nikaipata, nikapanda ngazi mpaka mlango yako. Nikakusikia ndani unaongea kizungu, sauti imetulia, halafu ukacheka kidogo, ile ya mtu anaheshimiwa mahali ako. Kumbe umepata kazi ingine. Nikainua mkono nibishe, nikaurudisha. Nikakaa kwa ngazi. Ukinyamaza nasimama, ukianza tena nakaa. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, na haki mami, watu walipita na sikuongelesha hata mmoja.

Jirani wako ndiye alitoka akaniuliza nangoja nani. Nikamwonyesha mlango. Akashangaa, akasema huyo msichana aliwaambia hana mtu wa kumtembelea. Sikumwambia mimi ni nani. Nilisema nimetumwa tu na njugu, nikamwachia, nikashuka. Kama ulizipika, zilikuwa zangu.

Sikuombi urudi. Hapa kelele ni ile ile na mimi nimeshazeeka nayo. Lakini Jumapili ya mwisho ya huu mwezi, nikitoka kanisa, nitakuja tena. Nitabisha mara moja, halafu ningoje. Usipofungua sitaita jina yako hapo nje watu wasikie. Nitasema uko kazini, na nirudi Thika.

Ukae salama, mami, na ukule.

Ni mimi mama yako