Malka Tuliyoiziba Kulesa

Mjukuu wangu Komora,

Kulesa tu wazima. Bibi yako mguu unamsumbua, mimi bado ndiye kijana mzuri kijijini.

Unauliza kama uhame chumba, kwa kuwa unayelala naye ni Muorma na Wapokomo wenzako hapo chuoni wanakusema. Nisikilize mimi niliyezunguka mpaka Mombasa. Ujanani mwangu sisi Wapokomo tulilima mahindi hadi tukaziba malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kushukia mtoni kunywa. Rafiki yangu Guyo, Muorma aliyenifundisha kukama, akaja kutusihi: "Jamani, ng'ombe hawanywi maneno. Fungueni." Wazee wakakataa. Vita vikazuka. Sisi tukazika wetu, wao wakamzika Guyo. Mahindi yale yakakaukia shambani, hakuna aliyethubutu kuyavuna.

Usihame, baba. Msalimie mwenzako, mwambie babu yako anajua kukama kuliko babu yake.

Ni mimi, babu yako mtanashati.